Yoselin Aligonga Meza

Mke wangu Eneida alikuwa mwanamke pekee aliyekaa na wanaume kwenye meza ya dhumna, pale nje ya duka la kinyozi, mtaani kwetu Manhattan ya juu. Kutwa alitandika vitanda vya hoteli. Jioni alitufunga. Akishinda hakucheka. Alikutazama tu mpaka uondoke.

Jirani yetu Radhamés alikuwa na mjukuu aliyechukuliwa darasa la watoto wenye vipaji. Wanapimwa wakiwa na miaka minne. Asiyefaulu anakwenda shule ya hapa chini, ile ya madirisha yaliyozibwa kwa mbao. Radhamés hakuacha kulisema.

"Enei, huyo wa kwenu mtampeleka wapi? Siku hizi hoteli wanachukua watoto?"

Eneida akaweka kete yake. "Cheza, jirani. Domo halina pointi."

Jioni ile ile akamketisha Yoselin, mtoto wa binti yetu Nurys, kwenye meza ya jikoni. Mtihani ule ni wa picha: kipi kinafuata, kipi hakifanani na vingine. Vitabu vya mazoezi Eneida hakuweza kuvisoma, wala mimi. Dhumna aliijua. Akamfundisha hiyo.

Alimfundisha kama baba yake alivyomfundisha kule Moca, kisiwani tulikotoka. Usiseme. Usioneshe ulichonacho. Kama huna, gonga meza, mwenzio acheze. Mtoto akizungumza, Eneida alimpiga vidole kwa ubavu wa kete. Akilia, alimgeuzia kiti ukutani.

"Mama, ana miaka minne," Nurys alisema.

"Wewe ukiwa na minne nilikudekeza. Umefika wapi? Unafua mashuka ya hospitali."

Nurys akaenda kuosha vyombo. Nyumba ile tulinyamaza wote.

Yoselin akawa hatari. Kabla baridi haijaisha alijua kete iliyo mkononi mwangu kabla sijaitoa. Eneida hakumsifu. Ila nilimwona akimwekea kipande kikubwa cha jibini ya kukaanga.

Siku ya mtihani mwalimu kijana aliingia na Yoselin chumbani, sisi tukabaki nje kwenye viti. Hawakukawia.

"Hakujibu hata moja," mwalimu alisema. "Kila nikimuuliza anagonga meza. Anasikia vizuri huyu?"

Eneida akainama mpaka usoni pa mtoto. "Ulikuwa unagonga nini?"

"Kete zote alikuwa nazo yeye, bibi. Mimi hakunigawia."

Nurys alicheka, kisha akalia. Eneida alimburuta mtoto kwa mkono mpaka kituo cha treni.

"Bubu," akamwambia. "Nimelea bubu."

Jina likashika. Radhamés alilipokea kama zawadi. "Bubu wenu hajambo? Leo kagonga wapi?" Na Eneida mwenyewe alimwita hivyo mbele ya watu. Bubu, lete kahawa. Bubu, toka hapo. Hakumfundisha tena.

Mwaka unaofuata mtoto anaruhusiwa kujaribu mara ya pili. Nurys akamwandikisha. Siku ikiwa karibu, Eneida alianguka akitandika kitanda hotelini. Kiharusi. Kilimchukua upande mmoja na ulimi wote.

Tulipomrudisha nyumbani, akawa anamtaka Yoselin. Alimkazia macho, mdomo umepinda, anasukuma. "S... s... se..."

Mimi nilimwelewa. Alikuwa anamwambia sema. Safari hii, sema.

Yoselin akatoka mbio, akarudi na kete ya sita-sita. Akaiweka kiganjani mwa bibi yake, akamfunga vidole.

"Usioneshe, bibi," alimnong'oneza. "Na usiseme."

Eneida akatoa sauti isiyo na neno. Mtoto akaweka kidole mdomoni, amekunja uso kama alivyokunjiwa yeye. Sauti haikukoma. Basi akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuzia uso ukutani.

Tulimzika na kete ile. Vidole vilikataa kufunguka.

Kwenye mtihani wa pili Yoselin aligonga meza tangu swali la kwanza. Njiani nikamuuliza kama safari hii alielewa maswali.

"Nilielewa, babu. Bubu hasemi."

Sasa anasoma hapa chini. Jioni tunacheza sisi wawili, bila sita-sita. Ananifunga. Akishinda hacheki. Ananitazama tu mpaka niondoke.