Suruali ya Ukurasa wa Tisini na Mbili

Josée alikuwa fundi wa cherehani katika soko la Kikula, mjini Likasi, na kwa maoni ya wenzake wa Duru ya Wasomaji ya parokia, hakujua kusoma. Herufi alizijua vizuri; alichokosa, walisema, ni namna. Duru ilikuwa na wanachama saba: rais, makamu wa rais, katibu, naibu katibu, washauri wawili, na Josée. Kwa kuwa wenzake sita walishughulika na uongozi, kazi ya kusoma vitabu ilimwangukia yeye.

Rais alikuwa Stanislas, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, mtu mwenye maoni kamili juu ya kila riwaya, hasa zile ambazo hakuwahi kuzifungua. Jumapili moja baada ya misa Josée alitaja riwaya anayoipenda kuliko zote, ya Barthélemy, mwandishi mzaliwa wa Likasi aliyehamia Lubumbashi. Alikuwa ameisoma mara kumi na moja.

"Unaipendea nini?" Stanislas akauliza.

"Ukurasa wa tisini na mbili, Mwalimu. Pale mama anafua suruali."

Stanislas alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. "Mama Josée, hii roman inazungumuza condition humaine, hali ya mwanadamu. Weye unaona suruali?"

"Minaona suruali."

Hakueleza zaidi. Katika ukurasa ule mwanamke anafua suruali ya kazi ya mumewe, watu wanakuja kumwambia mume amekufa. Ua unajaa vilio. Yeye anaisuuza mara mbili, anaikamua, anaianika, anaikunjua miguu isikauke na mikunjo. Miaka tisa nyuma Josée alifanya hivyo hivyo, siku Elie, mumewe, alipofia hospitali. Wifi zake walimwona, wakasema hana uchungu, na wameendelea kusema hivyo tangu siku ile kwa uaminifu ambao hawajauonyesha hata kanisani. Josée mwenyewe alikuwa amekaribia kuwaamini. Ndipo, katika ukurasa ule, akakutana na mtu aliyejua kwamba habari ikifika masikioni, mikono huchelewa kuipata.

Barthélemy alipokuja Likasi kuzungumza na wasomaji wake, Stanislas alimkaribisha kwa hotuba ya dakika arobaini juu ya kinachomfanya mwandishi apendwe: kina, mtindo, tuzo. Alilitaja jina la riwaya mara tatu, kila mara tofauti kidogo. Mgeni alijipepea kwa karatasi ya programu na kukubali sifa zote kwa unyenyekevu wa mtu aliyezizoea.

Kisha Josée akasimama. "Papa Barthélemy, ile suruali ya ukurasa wa tisini na mbili, nani alikuambia?"

Mwandishi akafungua kitabu, akausoma ukurasa kama barua ya jirani iliyoletwa kwake kwa makosa. Akacheka.

"Ah, ile! Ile haiko yangu. Bibi yangu Laure njo alipiga chapa roman yote kwenye ordinateur. Pale niliandika kurasa tano, mawazo ya marehemu juu ya uhuru. Akasema batu batalala. Akatosha zile kurasa zote, akatia suruali. Siku nilivumbua, kitabu kilikuwa kimeisha kuchapwa!"

Ukumbi ulicheka. Stanislas alicheka kuliko wote, maana sasa ilithibitishwa kwamba ukurasa ule haukuwa fasihi.

"Na jina yake iko wapi mu kitabu?" Josée akauliza.

"Kule mwisho, kwenye shukrani."

"Kule wameandika 'na mke wangu, kwa uvumilivu wake'. Jina haiko."

Barthélemy akanywa maji, akanywa tena. Josée akamwomba namba ya simu ya huyo mvumilivu, na kwa kuwa watu wote walikuwa wakitazama, aliitoa.

Jumatatu mchana akapiga. Laure alidhani anatafutwa mumewe.

"Ni weye minakutafuta, mama. Ile suruali uliona wapi?"

Laure akajibu: "Kwa mama yangu, siku papa alikufa. Nilikuwa na miaka saba. Batantine, dada za papa, bakamusema mpaka alikufa."

Josée aliweka makasi chini. "Hata miye bananisema," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alilia mbele ya wateja.

Miezi miwili baadaye Laure alifika Kikula na madaftari matatu ya shule yenye riwaya aliyoiandika bila kumwonyesha mtu. Josée aliyasoma katikati ya kushona, yaani alishona kidogo sana. Mteja wake Mamie alikuja kugombana juu ya gauni lililochelewa wiki nzima. Akaonyeshwa daftari la kwanza, akalisoma akiwa amesimama, akaondoka na la pili, gauni akalisahau.

Josée alipopeleka daftari moja kwa Duru, Stanislas alieleza kwa upole kwamba daftari si kitabu na mwandishi asiyejulikana hawezi kupendwa. Josée akajiuzulu cheo ambacho hakuwahi kupewa. Duru ilibaki na viongozi sita, bila msomaji hata mmoja, na inasemekana mikutano sasa inaenda vizuri zaidi. Barthélemy naye aliiambia redio moja kwamba amekuwa akisikiliza sauti za wanawake daima.

Siku za Alhamisi wanawake wanane wa soko hukaa kando ya cherehani, na Laure anapokuwa Likasi huwasomea mwenyewe. Juzi alifika kwenye sura ambamo mume anatoa maoni yake juu ya ndoa, maisha na siasa.

"Huyu anasema mingi," Josée akamkatiza.

"Ni sura ya muhimu, mama Josée."

"Batu batalala."

Laure alimtazama, akawatazama wengine, mmoja tayari alikuwa anapiga miayo. Akaomba kalamu ya bic, akaikata sura nzima palepale.