Makofi ya Saba

Bendi ya muziki mzito wa metali kutoka Uswidi ilikuwa inakuja Dallas, nami nilikuwa nasubiri ruhusa ya mama kwenda kuitazama. Tulipotoka kanisani, niliweka CD yao kwenye gari.

“Wazimu mtupu!” alisema mama, kiongozi wa makofi katika kwaya yetu. Hata hivyo akaanza kugonga usukani kufuata ngoma, akapoteza mdundo.

“Mama, hawa wanahesabu saba, si nane kama kwaya. Sikiliza: moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu. Halafu unaanza upya.”

Akapoteza mdundo tena, akacheka, akarudisha wimbo mwanzo. Tulipokaribia mji wa Grand Prairie alikuwa ameshika hesabu yao, nami nikapiga kelele kwa furaha.

“Nunua tiketi mbili,” alisema. “Wewe huna leseni ya udereva, na mimi sijamaliza kuhesabu.”