Ukuta Unaohema

Wengine hukanda udongo, wakautia kwenye kalibu ya mbao, wakaanika. Mama Tofali hakuwa na muda huo. Kiangazi kikikaza alishuka kwenye bwawa lililokauka, akakata ardhi yenyewe kwa beleshi, mapande makubwa kama mto wa kulalia, akayaacha juani. Alikuwa mjane, mikono migumu na mdomo mgumu zaidi. "Tofali langu lilikandwa na Mungu," aliwaambia wateja, "mimi nalikata tu." Kwa matofali hayo alimlea mwanawe wa pekee, akamjengea nyumba, na mwanawe akaoa humo.

Basi mwaka mmoja mvua za kwanza zikanyesha, mkwewe, binti mdogo, akiwa na kichanga mikononi, na balaa likaanza. Binti huyo akasema ukuta wa chumbani unahema.

"Unahema?" mumewe akauliza.

"Unavuta pumzi, halafu unanyamaza. Hapo, juu ya kitanda."

Mumewe, seremala, akasimama akatega sikio. Kimya. Wakaja majirani na vishindo vyao, wakabandika masikio ukutani. Kimya vilevile. Wakiondoka tu, pumzi hiyo. Binti akawa halali, mtoto kamkumbatia, macho kayakodoa ukutani. Na watu hawana dogo, jamani! Mara mtaa mzima ukawa unasema uzazi umempanda kichwani. Seremala naye, badala ya kumkinga mkewe, akampigia simu baba mkwe: njoo umchukue mwanao akatulie kwenu, mtoto atabaki kwa bibi yake.

Asubuhi iliyofuata, baba wa binti akiwa njiani, Mama Tofali aliingia chumbani peke yake, pekupeku. Paa lilikuwa limetoboka mwaka huo, maji yanachuruzika ukutani. Akainama, akasubiri. Fyuu! Kitu kikavuta hewa. Sauti ile aliijua tangu utoto wake kule bwawani. Kamongo.

Samaki huyo ana mapafu. Bwawa likianza kukauka hajisumbui kukimbilia kwingine. Anachimba topeni, anajikunja, anajipaka ute ambao ukikauka unakuwa ganda, anaacha kitundu kimoja cha kupitishia pumzi. Anapunguza kila kinachoweza kupunguzwa mwilini, anakula nyama yake mwenyewe kidogo kidogo, anangoja maji, hata miaka mitatu. Na hata akiamka, akihisi kishindo anatulia tuli. Miaka yote beleshi likimpata, Mama Tofali alilitupa pande hilo. Huyu lilimkosa. Alimjenga ukutani kwa mkono wake mwenyewe, na sasa mvua ilikuwa imemwamsha.

Alipaswa kupiga kelele palepale. Wapi! Alitoka, akaenda jikoni kuwasha moto, akawaza. Nani atanunua tena tofali lenye kiumbe ndani? Na mtaani humu nyumba zilizojengwa kwa mapande yake ni ngapi? Akifunga mdomo, mkwe ataondoka, ukuta atauziba mwenyewe, biashara itabaki. Na mjukuu atabaki mikononi mwake. Hilo la mwisho lilimtia aibu kwa sababu lilikuwa tamu.

Baba wa binti akafika, dereva mstaafu, mtu wa maneno machache. Akasimama chumbani, kofia mkononi. Seremala akanyoosha mikono.

"Mama mtoto, nipe mtoto."

Binti akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Simtoi."

"Usitulazimishe."

"Nimesema simtoi!"

Kichanga kikaangua kilio. Seremala akakishika mguu.

"Mwachie!" Mama Tofali alikuwa mlangoni na sururu mkononi, hata hakumbuki aliitoa wapi. "Binti yangu, sogea huku na mtoto wako. Nyie wanaume, pisheni."

"Mama, hata wewe umechanganyikiwa?" mwanawe akamaka.

Mama Tofali akainyanyua sururu. Akapiga. Lipu ikadondoka. Akapiga tena, pande likapasuka, tope likamwagika kitandani, na ndani ya tope kitu cheusi, kirefu kama mkono wa mtu mpaka kiwiko, kikajikunjua, kikaachama, kikavuta pumzi mbele ya wote. Fyuu!

Seremala aliruka hadi mlangoni. Baba wa binti alishika kifua.

"Ni kamongo, na tofali ni langu," Mama Tofali akasema. "Nimemsikia tangu asubuhi nikanyamaza. Niliogopa kukosa wateja, na mjukuu nilimtaka. Binti hana wazimu. Wa kuona haya hapa ni mimi."

Dirishani majirani walishajaa, wanasukumana. "Lo! Kumbe kweli!" "Maskini mtoto wa watu, na tulivyomsema!" Seremala akarudi kitandani, uso chini.

"Mke wangu, yaishe. Nisamehe. Sasa nimeona kwa macho yangu."

Binti alimtazama samaki, akamtazama mumewe. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutetemeka.

"Samaki kavuta pumzi moja tu, umemwamini. Mimi nimelia humu ndani juma zima." Akamfunga mtoto kifuani kwa kitenge, akakaza fundo. "Baba, twende."

Mama Tofali akasogea kumpisha. Mkono wake ulitaka kukigusa kile kichwa kidogo kinachopita, lakini hakuwa na uso wa kuomba.