Kishingo wa Mke Mwenza

Bi Mwanapili wa Kizimbani ndiye mke mkubwa, kwa hivyo alichagua kwanza. Mumewe Ubwa alileta mitetea kumi, watano kwa kila mke, na jogoo mmoja akawa wa wote. Mwanapili aliwakagua kuku hao mmoja mmoja. Hakuwa akitafuta wa kumfaa yeye. Alitafuta wa kumtia aibu Salhiya, mke mdogo, yule ambaye akisema neno tu Ubwa huangua kicheko.

Akajichukulia wekundu wa kisasa, wanene kama mabata. Salhiya akaachiwa vishingo, kuku wa kienyeji wenye shingo tupu zisizo na unyoya.

"Nimekuchagulia wanaokufanana," alimwambia, na roho yake ikatulia.

Wekundu walitaga kila siku hata kapu likajaa. Lakini walitaga wakaenda zao; hakuna hata mmoja aliyekubali kulalia mayai. Upande wa pili wa ua, kishingo wa Salhiya alitoka na vifaranga kumi na kimoja, na Ubwa akawa hakosi kuchutama pale kuvitazama, hata siku za zamu ya Mwanapili.

Hapo kijicho kikamshinda. Akafunga mayai kumi kwenye ncha ya kanga, akavuka ua.

"Niazime kishingo mmoja anilalilie haya," alisema, bila ya kumtazama usoni.

Salhiya akasogea kumpisha.

"Mchukue umtakaye, dada," alisema taratibu. "Kuchagua unajua."