Bruchi ya Mwanamke Mbaya

Tuanze na hili ili tusipotezeane muda: vyote vilikuwa bandia. Hereni zilikuwa kioo, mikufu ilikuwa madini ya bei rahisi yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na zile lulu zilikuwa shanga tu. Fundi alijua hayo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo jirani alipokuja na kile kicheko chake cha puani, "Lakini si ni bandia hivi?", Fundi alimjibu bila kuinua kichwa, "Na meno yako ya mbele je?" Jirani alimjua vizuri aliyeyatengeneza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka thelathini na minne aliketi kwenye chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, kati ya jiko dogo la kuyeyushia nta na mashine ya kung'arishia, akitengeneza meno ya bandia. Hakuna aliyemwita kwa jina. Madaktari, wagonjwa na hata mfagizi walimwita Fundi. Sifa yake ilikuwa rangi. Mzee aliyevuta sigara maisha yake yote ukimpa meno meupe kama sahani, umemfanya kichekesho cha mtaa. Fundi aliyatia umanjano kidogo kwenye shina, akachora ufa mwembamba kama unywele, mpaka mke wa mtu asijue jino lipi mumewe alizaliwa nalo na lipi limetoka kliniki.

Jioni alirudi kwenye vyumba vyake viwili vya ghorofa ya tatu, akavua viatu, akafungua kabati. Wengi wanaokusanya vito vilivyovaliwa na nyota wa filamu za zamani hutafuta vya yule binti mwema. Fundi hakumtaka hata bure. Binti mwema, alisema, anavaa kimkufu kama uzi wa kushonea, analia tangu mwanzo mpaka mwisho, na akishaolewa hata hicho kimkufu hukioni tena. Yeye alikusanya vya wanawake wabaya tu: wale wanaovuta sigara wakiwa wamesimama, wanaovunja ndoa za watu, wanaocheka mahali pasipochekwa. Hao ndio waliovalishwa hereni zinazogonga mabega. Hao ndio wakiingia mlangoni chumba kizima kinageuka.

Sababu yake ukoo mzima uliijua. Alipokuwa na miaka ishirini na tisa mumewe alimwambia achague, kliniki au nyumba. Alichagua kliniki mbele ya watu, kwa macho makavu, akabeba sanduku lake akatoka. Tangu siku hiyo mashemeji, mawifi na wasiohusika kabisa walimpa jina la mwanamke mbaya. Wiki ile ile akaenda sinema peke yake mchana kweupe, akakuta filamu ya zamani isiyo na rangi. Mwanamke mbaya akateremka ngazi, mgongo umenyooka, kifuani bruchi, pambo la kubana kwenye gauni, kubwa yenye umbo la mkia wa ndege uliokunjuliwa, mawe ishirini na moja, akawatazama waliokuja kumfukuza kana kwamba ni wageni waliochelewa chakula. Fundi alitoka sinema akijisemea kwamba kama hivyo ndivyo wabaya walivyo, basi jina limemkaa, na wala hakuumia.

Filamu ile aliitazama mara nyingi kiasi kwamba kanda ilichakaa, akanunua diski, nayo ikakwaruzika. Ndivyo alivyokuja kuona kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona. Pale ngazini kila jiwe la bruchi lilishika mwanga wa taa, isipokuwa la tatu kutoka ukingo wa kulia. Lile lilikuwa jeusi tii. Yeye aliyekaa maisha yake yote akitafuta jino lililokufa katikati ya mazima, hakuweza kuliacha lipite.

Miaka ikapita. Siku moja akaja bibi mmoja kutengenezewa meno ya chini, bibi mwenye maneno mengi kwa mtu asiye na meno. Katika kupimwa akasema ujanani alikuwa mvalishaji kwenye studio ya filamu, kazi yake kuwavalisha waigizaji na kutunza mapambo yao. Fundi akamuuliza kama anakumbuka bruchi yenye umbo la mkia wa ndege. Wiki iliyofuata bibi akaja na mkebe wa dawa ya kifua. Ndani yake, imefungwa kwa pamba, bruchi.

"La tatu kutoka kulia," Fundi alisema kabla hajaigusa. "Limekufa."

Bibi akamkazia macho. "Umejuaje wewe? Mkurugenzi hakuliona. Mpiga picha hakuliona. Mimi ndiye niliyeliua, mwanangu. Asubuhi ya kazi nikaiosha kwa maji ya sabuni ili ing'ae."

Na vito vya aina hii haviogeshwi. Nyuma ya kila jiwe la kioo kuna utando mwembamba wa fedha unaorudisha mwanga. Maji yakipenya, utando unaoza na jiwe linageuka jeusi kama jino bovu. Bibi aliibandika hivyo hivyo kwenye gauni la mwigizaji, akanyamaza kimya, na filamu ilipokwisha akapewa kwa kuwa ilikuwa mbovu.

"Ichukue," alisema. "Wewe ndiye uliyeliona."

Sasa nisogee mbele, kwa sababu bruchi ilikaa kabatini miaka kumi na hakuna lililotokea zaidi ya ukoo kucheka. Kaka yake, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa bado anatembea kana kwamba kuna kengele inayokaribia kulia, alisema kwenye kila kikao cha familia kwamba mdogo wake amejaza nyumba takataka za marehemu. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni binti wa huyo huyo kaka. Binti alikuwa fundi wa simu. Alikuwa na kibanda chake, darubini yake ya mezani, vibano vyembamba kama kucha za paka, na alipenda kuketi sakafuni kwa shangazi yake akitazama zile hereni moja moja.

Kisha jumba la makumbusho likatangaza maonyesho ya mavazi na mapambo ya filamu za zamani, likaomba wenye vitu wajitokeze. Fundi akaandika barua, akaeleza habari ya jiwe jeusi, binti akapiga picha za bruchi, wakatuma. Msimamizi wa maonyesho alikwenda kuitazama filamu upya, akaliona jiwe, akapagawa. Aliikuza picha ya ngazini ikajaa ukuta mzima, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: LITAFUTE JIWE JEUSI. Mbele yake kutakuwa na kabati la kioo, ndani bruchi, na chini kadi yenye jina la Fundi. Jina lake kamili, ambalo hata yeye alikuwa hajalisikia likitamkwa siku nyingi.

Aliitaka kadi ile. Tusimtilie unyenyekevu asiokuwa nao. Aliitaka mpaka chai ikawa haimshuki. Miaka yote ile ya kuitwa mbaya, na sasa jina lake liandikwe, libandikwe ukutani, na wote waliocheka wainame kulisoma. Kaka alikuwa wa kwanza kubadilika. Alianza kusema "mkusanyiko wetu", na akawaalika walimu wenzake wastaafu wote wenye nguvu za kutembea.

Siku nne kabla ya kuipeleka, binti alikuja na mkebe mikononi, uso umemjaa furaha. Aliichukua bruchi wakati shangazi yake yuko kazini. Wiki tatu alikuwa ametafuta kioo cha ukubwa ule ule, mkato ule ule, akachambua mamia ya mawe kutoka kwenye vito vilivyovunjika, akalikaza chini ya darubini kwa gundi isiyoonekana. Lile jeusi lilisagika wakati wa kulitoa, akalitupa.

"Nimeona aibu ikae kwenye kabati na pengo, shangazi. Mbele ya watu wote wale."

Fundi alivaa miwani. Alitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Alikuwa akitafuta kosa, maana kosa lingemsaidia kukasirika, na hakulipata. Ilikuwa kazi safi ambayo yeye mwenyewe asingeionea aibu. Alimbusu binti kwenye paji la uso, akaenda chooni, akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia.

Msimamizi wa maonyesho, bwana mwenye glavu nyeupe na miwani ya kamba, hakulia walipokwenda kumwonyesha. Alikaa chini. "Mama, nakuamini," alisema. "Picha zako ninazo. Lakini nimejaza ukuta mzima jiwe jeusi. Watu watakuja kulitafuta, watakuta bruchi nzima, wataniuliza hii ni ipi? Kiwanda kilitoa mamia ya hizi."

"Andika kwamba imetengenezwa."

"Naweza kuandika nakala."

"Nakala ya nini? Ni yenyewe."

Bwana akavua glavu, akashusha sauti. "Mama, wewe si fundi wa meno? Nimesikia unaweza kutengeneza jino lililooza likamdanganya daktari. Ukirudi Ijumaa na jiwe jeusi, mimi sitauliza limetoka wapi."

Kaka aliposikia alipiga meza. "Si ndiyo kazi yako! Maisha yako yote ni bandia. Leo ndio unakuwa mtakatifu?" Binti alikuwa kwenye kona, macho yamevimba. Akasema kwa sauti ndogo kwamba atalitoa jiwe lake mwenyewe, hata sasa hivi, vibano viko mkobani.

Kesho yake, saa ya mapumziko, Fundi alijifungia kwenye chumba chake cha kliniki, akachukua kioo kidogo na rangi zake za kuchafulia meno. Haikumchukua hata nusu saa. Alilishika lile jiwe jipya kwa koleo mbele ya picha ya ngazini: weusi ule ule, hata ule ukungu kidogo upande wa chini. Lingemdanganya hata bibi mvalishaji. Maelfu ya meno aliyatengeneza, na hakuna hata moja lililomdanganya aliyelivaa. Mtu aliketi, akajitazama kwenye kioo, akajua, akafurahi. Hili lingemdanganya kila atakayeinama kulitazama. Na kulipachika kungemaanisha kung'oa kazi bora aliyowahi kufanyiwa na mtu, huku aliyeifanya anatazama. Akaliweka kwenye kinu cha plasta akalisaga mpaka likawa unga, kwa hasira zake zote.

Jioni alimwita binti.

"Ulichambua mawe mangapi?"

"Sijui. Mia tatu?"

"Na uliogopa gundi isivuje?"

"Nilikuwa nashika pumzi, shangazi."

"Basi limekaa. Halitoki. Anayetaka jeusi akachimbe makaa."

Ijumaa haikupelekwa bruchi. Msimamizi akaweka kwenye kabati la kioo glavu za mwigizaji mwingine, na kadi ikaandikwa jina la mtu mwingine. Kaka akanuna kama mtoto, lakini alikuwa ameshaalika watu, kwa hiyo alikuja.

Fundi naye alikuja. Alivaa gauni jeusi, akapaka rangi ya mdomo, akaibandika bruchi kifuani, akaingia saa kumi alasiri wakati ukumbi umejaa, mgongo umenyooka. Binti alikataa kupita mlango. Alisimama pale karibu na meza ya tiketi, akivutavuta mkanda wa mkoba. Fundi alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya ile picha iliyojaa ukuta, akageuka, akawatazama watu.

Haikuchukua muda. Mwanamke mmoja akatazama juu, akatazama chini, akamgusa mumewe. Wengine wakasogea. "Mama, hiyo si ndiyo hii?" "Mbona haina jiwe jeusi?" Fundi akaanza kuwaeleza, kwa sauti iliyozoea kushindana na mashine: maji ya sabuni, bibi na mkebe wake, utando wa fedha. Walimu wastaafu wakakaa nusu duara kama wanafunzi. Kaka alikuwa anachunguza viatu vyake.

Msimamizi akaja mbio mbio, akitabasamu kwa meno tu. "Mama, nakuomba uivue, au uifunike na mtandio. Watu wanachanganyikiwa. Wanadhani ni ya maonyesho."

"Waambie si ya maonyesho," Fundi alisema. "Waambie ni yangu."

Watu wakacheka, na si yeye waliyekuwa wanamcheka. Ndipo mzee mmoja kati ya walimu, mwenye fimbo, akauliza lile jiwe jeusi liliishia wapi, na nani alilitoa.

Kaka akainua kichwa kwa hofu. Fundi angeweza kusema lolote: limeanguka, limepotea, ni mambo ya zamani. Alinyoosha mkono juu ya vichwa vya watu kuelekea mlangoni.

"Yule pale. Binti wa kaka yangu, fundi wa simu. Njoo, mama, uwaonyeshe."

Binti alikuja taratibu, watu wakimpisha, uso ukimwaka. Mzee mwenye fimbo akainama akaikodolea macho bruchi, akasema yeye haoni tofauti yoyote, jiwe lenyewe ni lipi? Binti naye akainama. Alitafuta kwa macho, akatafuta tena, na hakulitambua. Ikabidi aweke kidole kwenye ukingo wa kulia, ahesabu moja, mbili.

"Hili," alisema, na safari hii walisikia mpaka kwenye meza ya tiketi. "Hili nimeliweka mimi."