Shemeji alinijazia karatasi ku centre de santé, akajibu "hapana" kwa kila ulizo

Wakuu, salaam. Poleni na kazi huko muliko.

Niko Butembo, Nord-Kivu. Kiswahili yangu ni ya huku kwetu, na masomo niliishia mwaka wa pili secondaire, basi munivumilie. Huu uzi nimeufuta mara nyingi kabla ya kuutuma. Nitaandika vile mambo yalipita, na pale sina hakika nitasema sina hakika.

Jina ya centre (kituo cha afya) siweki. Hawakufanya vibaya. Shemeji pia hakufanya vibaya. Njo (ndiyo) maana ni ngumu kueleza.

Mimi nilikuwa shofere wa pickup, Beni–Mutwanga. Watu, ndizi, kakao, tulibeba yote. Siku moja gari ilichomwa njiani. Mimi nilitoka. Mama mwenye alikuwa ameketi mbele pembeni yangu hakutoka.

Sitaongeza hapo. Uzi si wa hapo.

Tukahamia Butembo, commune ya Vulamba, mu parcelle (kiwanja) ya kaka mukubwa wa bibi yangu (huku bibi ni mke). Tumuite Saidi. Anauza pièces, vipuri, za moto (huku moto ni pikipiki). Alitupa nyumba ya nyuma, na mpaka leo hajanisema neno moja baya.

Lakini wenye wanaishi huku wanajua. Mwanaume kukaa kwa ndugu za bibi yake, hiyo unabeba kimya. Hauli mpaka ushibe. Hausemi umechoka. Ukiulizwa habari, ni muzuri.

Mimi nilikuwa muzuri kila asubuhi.

Kisha kichwa ikaanza kuuma, tumbo ikafuata, usingizi ikaisha. Saidi njo aliona. Akafunga boutique yake, akanipandisha kwa moto, tukaenda ku centre.

Hapa nieleze kidogo kwa wale wa mbali. Kwetu mugonjwa haendi peke yake. Kuna mutu wa kumusindikiza, tunamuita garde-malade, na huyo njo anasema. Yeye anaeleza ugonjwa, yeye anashika fiche (karatasi ya ugonjwa), yeye anapokea dawa. Mugonjwa anaketi tu. Ukienda peke yako ukajisemea, watu watauliza: huyu hana ndugu?

Sasa centre ilikuwa imeanza karatasi mpya kwa watu wazima wote, hata ukija na malaria. Unaijaza wewe mwenyewe ku benchi mbele ya kuingia. Unakosa usingizi? Unakosa hamu ya kula? Unajiona mutu wa bure? Kwa kila ulizo unaweka alama: hata siku moja (hiyo njo hapana), siku kidogo, siku mingi, ao karibu kila siku.

Infirmière (muuguzi), Mama Masika, akaninyooshea karatasi na biki ya kuandikia. Saidi akapokea. Mimi sikuona ajabu, na nafikiri Mama Masika pia hakuona. Batu walikuwa wengi na mutoto mmoja alikuwa anatapika.

Saidi akaanza kusoma kwa sauti. Yeye ananiita beau, njo shemeji.

"Beau, unakosaka usingizi?"

Kabla nifungue kinywa, akajibu yeye mwenyewe: "Analala! Vile anakoroma, siye wa nyumba ya mbele tunasikia."

Benchi ikacheka. Mwenye anakoromaka ni bibi yangu, dada yake. Sikusema.

"Chakula? Eh, hiyo usiulize. Jana alimaliza sahani ya sombe, hata ya batoto."

Mama moja muzee, rozari ku shingo, akamuambia: "We baba, muache ajibu mwenyewe. Eko na kinywa."

"Mama, huyu ni beau wangu. Karatasi itamujua kunipita mimi?"

Wakacheka tena. Mimi pia nilicheka.

Akafika ulizo ya mwisho. Akaianza kwa sauti, akakata katikati.

"Astaghfirullah. Hii njo maulizo gani kwa batu bazima? Eti kama unawazaka ku... Hapana. Huyu anaswali."

Yule mama wa rozari naye: "Hata siye Bakatolika hapana. Weka hapana, baba."

Wakuu, benchi nzima ilikuwa upande yangu. Walinitetea kabisa.

Saidi akaniangalia, na mimi nikatikisa kichwa: hapana. Hiyo pia niiandike, isionekane kama alinifunga kinywa. Swali lilinifikia na nilikataa.

Jibu ya kweli ilikuwa karibu kila siku. Na kulikuwa kintu nilikuwa nimeisha kuweka mahali. Sitasema kintu gani, wala wapi.

Mama Masika akasoma karatasi, akaona hakuna neno. Akanipa dawa ya kichwa na ya tumbo, akasema nirudi kama haiponi. Kwa ile karatasi, ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Tukarudi. Saidi alikuwa na furaha, alimuambia dada yake: "Mubwana wako ni muzima, ni tumbo tu."

Pengine nawaza mingi, lakini hapo njo niliogopa. Kabla ya ile siku nilikuwa najiambia: hakuna mutu ananiuliza. Sasa walikuwa wameniuliza, na imeandikwa mimi ni muzima. Nikaona kama mulango wa mwisho umejifunga, na mimi nilisaidia kuufunga.

Baada ya siku kidogo, asubuhi, nikaenda tena ku centre. Kwa miguu, peke yangu. Kwa nini nilienda huko na si pahali pengine, sijui vizuri. Ningependa kuwaambia nilikuwa na nguvu. Hapana. Nilifika mpaka barrière, mulango ya inje ya centre, nikageuka, kisha nikarudi.

Mama Masika akanitambua.

"Baba, tumbo bado?"

"Nakuomba karatasi ingine."

"Yako tuliisha kuiona. Haina neno."

"Ile ilikuwa ya shemeji. Naomba yangu."

Aliniangalia kidogo. Hakuuliza garde-malade yuko wapi. Akaniingiza mu chumba ya chanjo, kati ya zile glacière (masanduku ya baridi) za chanjo, akafunga mulango.

Nilijaza. Nilipofika ya mwisho, biki ikakataa. Nikamuuliza: nikiandika ndiyo, inaenda kwa nani? Polisi? Imamu?

"Inabaki hapa. Lakini nakuambia mbele, kesho usiseme nilikudanganya: nikiona unaweza kufa leo, sikuachi utoke peke yako."

Kisha akaweka karatasi pembeni, akaniuliza kwa kinywa, bila kuzunguka: "Uko unawaza kujiua?"

Nikasema ndiyo.

Hakupiga kelele. Hakuniambia ni zambi. Aliuliza kama ni leo, kama kuna kintu nimetayarisha, kama bibi anajua. Aliuliza vile wanaulizaka homa ilianza lini.

Zamani nilikuwa nafikiri kumuuliza mutu vile ni kumuwekea mawazo ndani ya kichwa. Kwangu hapana. Mawazo yalikuwa mule siku mingi. Kuulizwa kulipunguza uzito, kidogo tu. Kwa mwingine siwezi kujua.

Akasema lazima kuwe mutu mumoja wa kukaa na mimi.

"Nani alikuleta ile siku?"

"Njo huyo sitaki ajue."

"Kuko mwingine?"

Nikatafuta mu kichwa. Hakukuwa. Nikamupa numero ya Saidi.

Saidi alifika na mafuta ya injini ku mikono. Mama Masika akamuketisha, akaniambia: "Sema wewe. Mimi siwezi kukusemea."

Nikasema. Sikusema vizuri, maneno yalitoka ya kukatikakatika.

Saidi akaangalia karatasi yangu mpya.

"Lakini mimi niliandika hapana."

"Ndiyo."

"Mbele ya batu bote."

"Ndiyo, beau. Na mimi nilitikisa kichwa."

Akapangusa mikono ku suruali. Nilingojea aseme habari ya dini, ao ya dada yake. Aliuliza tu: "Hicho kintu kiko wapi?"

Nikamuambia. Akaenda kukichukua yeye mwenyewe. Alikipeleka wapi hajasema, na nilimuahidi Mama Masika sitauliza.

Tangu hapo naenda ku centre kila wiki. Kuna mutu wa kuongea naye, psychologue, anakuja kutoka hôpital. Bibi alijua kwa kinywa yangu, na hiyo ilikuwa ngumu kupita yote. Ku centre, wakubwa sasa wanajazia karatasi mu chumba ya chanjo. Asiyejua kusoma, Mama Masika anamusomea, mulango umefungwa. Wenye kusindikiza wananung'unika. Wengine wanasema huko ndani wanafichiwa ugonjwa, na naelewa hofu yao, kwa sababu ni kweli wanafichiwa kidogo.

Wiki iliyopita walinipa karatasi tena. Kwa ile ya mwisho sikuandika "hata siku moja". Niliandika "siku kidogo", kwa sababu njo ukweli. Saidi alikuwa ananingojea inje, ku moto.

"Umeandika nini?"

"Siku kidogo."

Akawasha moto.

"Leo ni siku yake?"

"Leo hapana."

"Basi panda."

Njo hiyo, wakuu. Somo langu si kubwa. Ukimusindikiza mutu ku centre, mushikie koti, mushikie mutoto, lakini biki umuachie. Na usifikiri kwa sababu unamupenda unajua jibu yake. Saidi ananipenda, sina mashaka, na alikosa yote, kuanzia ile ya kukoroma.

Pengine huko kwenu wanafanya vingine. Wenye munafanya kazi ku centre, mutuambie: mugonjwa akija na ndugu yake, munamutoa namna gani bila kumuvunjia heshima? Kama nimekosea, munisahihishe, nitasoma yote.

Na wewe mwenye unasoma hapa na jibu yako ni siku mingi: usianze na siye tusio na sura. Anza leo, na mutu mwenye anaweza kufunga mulango akakuuliza. Kisha uje hapa utuambie ulifika.