Shirika la Kimataifa Lililo Juu ya Mashine ya Kufulia

Basi la shule limeegeshwa uani, injini bado ya moto, na dereva wake, Verna Stuckey, hajavua hata koti. Haendi jikoni kwenye kahawa. Anaingia chumba cha kufulia nguo, anainamia kompyuta iliyo kwenye rafu juu ya mashine, anasoma.

"Ng'ombe wa Orville kazaa mapacha," anasema, uso umemkunjuka. "Jamani!"

Hapa Pickett, mji mdogo wa jimbo la Indiana, rafu hii ndiyo baraza. Mwenye kompyuta anapiga simu kwa Verna, kompyuta hizo mbili zinaunganishwa kwa waya wa simu, anasoma walichoandika wenzake, anaacha chake, anakata, mwingine anaingia. Hakuna anayelipa hata senti. Laini ya pili ya simu Verna aliiweka kwa kazi hiyo tu, kwa ada ya nyumbani.

Kilichomponza ni mzaha. Wenye mabaraza haya wana desturi ya kuyabandika majina makubwa makubwa; kuna bwana mmoja anaendesha "Wizara ya Anga" kutoka gereji yake. Verna naye akaliita lake Shirika la Kimataifa la Stuckey na Washirika. Washirika wenyewe ni paka, na mumewe Dell, fundi bomba aliyeumia mgongo na hana kazi mwaka wa tatu sasa.

Mtu wa kampuni ya simu akaliona jina hilo gazetini, kwenye orodha ya mabaraza. Hakucheka.

"Alinipigia akaniuliza, 'Mama, shirika lenu lina matawi mangapi?' Nikamwambia, 'Baba, tawi moja tu, na leo limejaa soksi.' Nilidhani tunataniana!"

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wiki iliyofuata laini ikahamishiwa ada ya biashara, karibu mara tatu ya ile ya awali. Kwa nyumba inayokula mshahara wa dereva mmoja, huo si mchezo.

"Nililia, ndiyo," anasema. "Mimi ningezoea kukaa bila baraza. Lakini Orville je?"

Orville Tatum, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, hasikii tangu alipougua homa utotoni. Mkewe alipofariki, karibu watu wote anaozungumza nao wakabaki kwenye rafu hiyo.

Verna akakata rufaa kwa tume ya jimbo inayopanga ada. Siku ya kikao Orville akaja na suti yake ya harusi. Wakili wa kampuni akamwandikia swali: humpa nini huyu mama?

"Nilimpelekea maziwa," Orville akajibu kwa sauti yake nzito. "Chombo akakirudisha na keki ndani."

"Hayo ni malipo," akasema wakili.

"Basi Indiana nzima kila jirani ni duka!" Verna akaropoka, ukumbi ukaangua kicheko.

Mwenyekiti naye alicheka. Kisha akaipa kampuni ushindi: laini iliyo wazi kwa kila mtu ni ya biashara, hata kama hailipishi. Inauma, tusifichane.

Wengi wamemshauri afunge. Amekataa katakata. Mwisho wa mwezi huu ataiondoa kabisa simu ya jikoni, ile ya kuongea kwa mdomo, ili apate pesa za kuilipia ya rafuni hiyo hiyo ada ya biashara.

"Kata tu," anadakia Dell kutoka sebuleni. "Wanaonipigia mimi ni wanaonidai."

Kwa Verna si rahisi hivyo. Dada yake, Ardith, yuko Ohio, na kila Jumapili baada ya kanisa hupigiana simu, tangu Verna alipoolewa.

"Kanuna huyo! 'Yaani mimi na mfugaji, umemchagua mfugaji?'" Verna anacheka, kisha anajifuta jicho kwa kiganja. "Sauti yake nitaikosa, nisiseme uongo. Lakini Ardith ana masikio, ana majirani, ana kwaya. Nimemwambia anunue kompyuta. Akiingia barazani, nitamkutanisha na Orville. Wote wawili wabishi, watapatana."